Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Bungoma: kiwanda cha Webuye kisipewe kibali kimoja

Mheshimiwa Gavana,

Tunakuandikia kuhusu kiwanda cha karatasi kilichoko kando ya Nzoia, ambacho wengi bado wanakiita Pan Paper ingawa kiliuzwa mwaka 2016. Ombi la kugeuza majengo yasiyotumika kuwa maghala au karakana za kukodisha likifika mezani kwako, usiidhinishe eneo lote kwa mpigo. Ndani ya ua wa kiwanda cha aina hii mna viwanda viwili: cha kupika mbao na cha kutengeneza karatasi. Hiki cha pili kinaweza kupokea wapangaji mapema. Kile cha kwanza, bado.

Ukumbi wa mashine ya karatasi ni mali: mrefu, sakafu yake imejengwa kubeba mzigo mzito, na reli na barabara kuu ya Uganda haziko mbali. Kasoro iko juu. Mvuke na gesi za salfa hula mabati na fito kutoka ndani, kwa hiyo rangi mpya ya nje isikuridhishe; mhandisi apande apime unene wa chuma. Mashimo ya rojo yaliyo chini ya mashine yafunikwe kwa zege, si mbao.

Upande wa kupika ndiko kwenye kazi. Fungua tangi lililoandikwa kuwa tupu: ukutani utakuta ukoko mweusi kama sukari guru iliyoungulia sufuriani. Hayo ni mabaki ya maji meusi, yaani kioevu kinachobaki baada ya kupika mbao kwa kemikali, yenye sodiamu salfaidi. Kibarua akiyamwagia asidi ili yabanduke upesi, hutoka gesi ya sumu, hidrojeni salfaidi. Mwanzoni hunuka mayai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi na mtu hudhani hewa imesafika. Paoshwe kwa maji ya moto tu, hewa ipimwe kabla ya kuingia na wakati wote wa kazi, na mwenzake aliyeingia abaki mlangoni. Maji hayo ya kuoshea yasielekezwe mtoni.

Kosa la kawaida ni kuuza vyuma chakavu kwanza ili kugharimia usafi. Mabomba ya mvuke ya miaka ya 1970 mara nyingi yamevishwa asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na mwenye tochi ya gesi huipasua ikiwa kavu. Iondolewe na wenye leseni, ikiwa imeloweshwa, ndani ya mifuko miwili. Mafuta ya transfoma za zamani yapimwe PCB, kemikali ya sumu isiyooza upesi. Kuanzia miligramu 50 kwa kilo ni taka ya sumu, hayauziki wala hayachomwi ovyo.

Juu ya mabwawa ya majitaka pasijengwe kitu. Tope la nyuzi hukauka juu na kubaki uji chini. Ukingo wa mto, mita 6 hadi 30, ubaki wazi.

Tunaomba vibali viwili: cha ukumbi sasa, na cha upande wa kupika baada ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kupokea vipimo vya udongo na mwombaji kuweka amana ya usafishaji.

Wako,
Mafundi na wahandisi wa viwanda vya karatasi