Kwa Vijana Wanaosema Li Tie Kosa Lake ni Kukamatwa Tu

Wanangu wa mazoezi ya jioni,

Juzi nilikaa nyuma yenu mkivua daluga, simu ikipita mkono kwa mkono, mkisoma habari za Li Tie, mchezaji na kocha wa zamani wa timu ya taifa ya China aliyefungwa kwa rushwa. Mmoja wenu akasema, "Kosa lake kukamatwa tu." Mkacheka. Usiku ule usingizi ulinipaa, ndiyo sababu ya barua hii.

Ninyi mnamjua kwa kifungo. Mimi nilimjua kwa pumzi zake. Mtoto wa Shenyang, kiungo mkabaji, aliyepelekwa Brazil tangu kijana kujifunza mpira. Mwaka 2002 alicheza Kombe la Dunia, China ikafungwa mechi zote tatu bila kupata bao. Mwaka huohuo akaenda Everton ya Uingereza kwa mkopo, yeye na Mchina mwenzake, Li Weifeng. Jezi ya Everton ilikuwa na jina la Kejian, kampuni ya simu ya China, na wapo walioamini kwamba vijana hao wameletwa kuuza simu. Sasa nisikilizeni. Waliingia kwa mlango mmoja. Li Weifeng alipata mechi 1 ya ligi. Li Tie msimu ule alipata 29. Mdhamini atakufikisha kambini, lakini dakika 90 hakukimbilii.

Mtu huyohuyo, aliyepata kila namba kwa jasho, alipoutaka ukocha wa timu ya taifa akaununua. Alikiri mwenyewe kwenye televisheni ya taifa Januari 2024: klabu ya Wuhan aliyokuwa akiifundisha ilitoa yuan milioni 2, yeye akaongeza milioni 1. Kazi aliipata Januari 2020. Desemba 2021 hakuwa nayo tena. Tarehe 13 Desemba 2024 akahukumiwa miaka 20. Chen Xuyuan, aliyekuwa rais wa shirikisho lao la soka, naye amefungwa maisha kwa rushwa.

Li Tie alieleza kwamba mengine wakati ule yalikuwa mambo ya kawaida katika soka. Kawaida! Neno hilo ndilo linaloniuma, maana nalisikia hapa kwetu pia. Mzazi mmoja aliwahi kuniletea bahasha ili mwanawe aanze. Nilipoirudisha alinishangaa, akaniambia makocha wote hupokea. Mtoto amesimama pembeni, macho kwenye viatu vyake. Ana mguu wa kushoto ambao sijauona tena. Angeanza bila senti moja! Hakurudi mazoezini. Baba alitaka kununua kitu ambacho mwanawe alikuwa nacho tayari, na ndivyo alivyofanya Li Tie, mtu mwenye mechi zaidi ya 90 za timu ya taifa.

Nanyi wazazi, mnamtukana refa kila Jumapili kwamba amehongwa. Aliyewafundisha watoto kwamba namba hununuliwa ni nani?

Mengine mnayajua: jifunzeni lugha za watu, wekeni akiba, na mfupa ukivunjika upeni muda wake. Yeye aliumia mguu mwaka 2004, na Everton hakurudi tena kuwa yule wa msimu wa kwanza.

Nawapenda, ndiyo maana nimefoka. Jumamosi napanga kikosi. Baba yako akitaka kuniona, mwambie aje uwanjani, mikono mitupu, akae nasi atazame mwanawe anavyokimbia.

Mwalimu wenu