Mbinu za kuongeza uvunaji wa mafuta baharini ziamuliwe kabla jukwaa halijajengwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijadili hoja inayorudi kila bei ya mafuta inapopanda: kwamba kwa kuwa zaidi ya nusu ya mafuta katika vitalu vingi duniani hubaki ndani ya mwamba hata baada ya kusukumwa kwa maji yanayoingizwa humo, kilichobaki ni kuleta teknolojia na kuyatoa. Hesabu ya kinachobaki ni sahihi. Kinachonisumbua ni kwamba wengi huchukua mafanikio ya nchi kavu, kama yale ya polima (kemikali yenye molekuli ndefu inayochanganywa na maji ya kuingizwa) katika visima vya Daqing, China, wakayahamishia baharini bila kuuliza mitambo itakaa wapi.

Nchi kavu visima huchimbwa karibu karibu, kemikali huletwa kwa malori, na kiwanja cha kuongeza tangi au pampu hupatikana. Jukwaani, yaani kwenye jengo la baharini linalobeba mitambo ya uzalishaji, kila mita ya mraba na kila tani ilikwisha kugawiwa tangu siku ya usanifu. Visima ni vichache na vimeachana sana, kwa hiyo kinachoingizwa mwambani leo kinaweza kuchukua miaka kabla matokeo yake hayajaonekana kwenye kisima cha uzalishaji, na muda wote huo jukwaa linazeeka.

Polima inaonesha ugumu huu vizuri kuliko mbinu nyingine yoyote. Kazi yake ni kuyafanya maji yawe mazito, yaani yatiririke polepole, ili yayasukume mafuta badala ya kuyapita. Hata hivyo, chumvi ya bahari hupunguza uzito huo, hivyo polima nyingi zaidi huhitajika. Molekuli zake ndefu hukatika zinapopita kwa kasi kwenye vali. Na sehemu inayorudi juu pamoja na maji hufanya kazi ya kuyatenga mafuta kuwa ngumu, ilhali maji hayo hayawezi kumwagwa baharini kabla ya kusafishwa. Sisemi kwamba haiwezekani. Imetumika katika ghuba ya Bohai, katika kitalu cha Captain cha Bahari ya Kaskazini chenye mafuta mazito, na ikajaribiwa Dalia, Angola, kwenye kina cha maji kinachozidi mita 1,000. Ila kila mahali palihitaji kazi yake mahususi, na matokeo ya mahali pamoja hayawezi kunakiliwa kwingine.

Kuingiza gesi mwambani ili isukume mafuta kuna njia nyepesi kidogo pale gesi inapokuwa tayari jirani. Kitalu cha Magnus, Uingereza, kilianza mwaka 2002 kuingiza gesi iliyoletwa kwa bomba kutoka vitalu vya magharibi mwa visiwa vya Shetland, ambako gesi hiyo haikuwa na soko rahisi. Brazili nako, katika kitalu cha Tupi (kilichowahi kuitwa Lula), kaboni dioksidi inayotoka pamoja na mafuta hutenganishwa kwenye meli ya uzalishaji na kurudishwa mwambani. Gesi hiyo ikichanganyika na maji hula chuma cha kawaida, kwa hiyo mabomba na visima lazima viwe vimechaguliwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Clair Ridge, mradi wa majukwaa ya mafuta wa Uingereza ulioanza kuzalisha Novemba 2018, ulijengwa ukiwa na mtambo wa kupunguza chumvi katika maji ya kuingizwa ili mafuta zaidi yatoke mwambani. Kampuni ya mafuta ya BP ilikadiria kwamba mtambo huo, wenye gharama ya takriban dola milioni 120, ungeongeza mapipa zaidi ya milioni 40. Jukwaa kuukuu lisilo na nafasi haliwezi kufikia hesabu kama hiyo, kwa sababu gharama ya kulipanua na ya kusimamisha uzalishaji huingia kwanza, na wakati mwingine humeza faida yote.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazoidhinisha mipango ya uendelezaji wa vitalu vya baharini zisikubali sentensi isemayo kwamba mbinu za kuongeza uvunaji "zitaangaliwa baadaye". Zidai vipimo vya maabara vilivyofanywa kwa sampuli za mwamba na mafuta ya kitalu husika, nafasi na uwezo wa kubeba uzito vilivyotengwa jukwaani, aina ya chuma itakayotumika, na jaribio la visima viwili au vitatu litakalofanyika mapema, kabla maji hayajatawala kinachopanda kutoka chini.

Wako,
Mhandisi wa mafuta