RISALA YA KIKUNDI CHA WAFUGAJI WA NG'OMBE WA MAZIWA, MIKINDANI, KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Afisa Mifugo, wazee wetu, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana Mikindani. Tunajua ratiba imekubana, na pilau limeshaiva.

Kikundi chetu kilianza na mitamba 4 ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Leo tuna ng'ombe 11 na banda la kisasa lenye sakafu ya zege, upande mmoja. Mafanikio mengine ni mengi, utayaona ukipita.

Mheshimiwa, tuje kwenye taa.

Tunaanza kukamua saa 10 alfajiri. Mmoja anakamua, mwenzake anamulika kwa tochi ya simu. Ng'ombe haamini vivuli. Mkono wa mmulikaji ukitikisika tu, anarusha teke na ndoo inalala. Mwezi uliopita mama mmoja alirudi nyumbani na kanga iliyolowa maziwa, ndoo tupu.

Usituelewe vibaya, hatuombi banda liwake usiku kucha kama ukumbi wa harusi. Ng'ombe naye anataka giza lake, apumzike. Wataalamu wanasema anayekamuliwa akipata mwanga wa kutosha saa 16 kwa siku, na chakula kikiwepo, huongeza maziwa. Kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Tumepungukiwa saa 4 tu: 2 za alfajiri na 2 za jioni. Kuanzia saa 2 usiku tunazima. Aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akingoja kuzaa, yeye huhitaji mwanga mchache zaidi, kwa hiyo swichi ziwe mbili. Na iwepo taa moja nyekundu, hafifu, ya kumwangalia anayezaa usiku, kwa sababu wekundu hausumbui macho yake sana.

Nguzo ya umeme tunaiona kutoka bandani. Gesi ya kuzalisha umeme inachakatwa Madimba, humu humu mkoani Mtwara, na inafika Dar es Salaam bila kupotea njia. Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi umeme "kabla ya msimu wa korosho". Tulimpigia makofi mengi. Misimu mitatu imepita. Huenda kosa ni letu, hatukumuuliza msimu wa mwaka gani.

Wewe tunakuuliza mapema, Mheshimiwa: tarehe ngapi? Ankara ya fundi, ya taa 6 na nyaya, imo kwenye bahasha kando ya sahani yako. Kalamu pia tumeweka.

Tunaomba kuwasilisha.