Acheni kuzusha vifo vya wasanii
Mhariri, habari za kazi. Juzi kijiweni Majengo hapa Dodoma dogo mmoja wa bodaboda katuonyesha simu, eti rapa fulani wa Bongo kafariki, picha imewekwa nyeusi na mshumaa pembeni, hamna chanzo wala tarehe, ila dakika kumi tu kila mtu keshaitupia kwenye grupu la WhatsApp na mama ntilie analia kabisa, jioni msanii mwenyewe yuko laivu anaongea. Inauma jamani, yule ana mama! Tupac alikufa Las Vegas Septemba 13, 1996 na mpaka leo wapo wanaoapa yuko Kuba. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2015 lakini watu wanashea tu. Nilimwambia dogo afute, akafuta, ila ilishafika kwa ndugu zake Kondoa.

Msomaji wako, Dodoma