Hisa hazijauzwa, kodi inadaiwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe ndugu zetu walioajiriwa Marekani, ambao kampuni huwapa haki yenye upendeleo wa kikodi ya kununua hisa zake kwa bei iliyopangwa tangu haki ilipotolewa, kuhusu kodi mbadala ya kima cha chini, yaani hesabu ya pili ya kodi ambayo ikizidi ile ya kawaida, mtu hudaiwa tofauti yake.

Kwa mwaka 2024, mseja mwenye mshahara wa dola 120,000, aliyenunua kwa dola 40,000 hisa zenye thamani ya dola 200,000 na kuzishikilia hadi mwaka ukaisha, huongeza tofauti ya bei na thamani, dola 160,000, kwenye mapato, huondoa msamaha wa dola 85,700, kisha hupiga asilimia 26 ya salio, yaani dola 50,518. Kodi yake ya kawaida ikiwa takriban dola 18,300, atadaiwa nyongeza ya dola 32,000 na ushei, ilhali hajauza hata hisa moja! Inauma. Hesabu hiyo, ambayo hujazwa kwenye Fomu 6251 ya mamlaka ya kodi, ifanywe kabla ya kununua, si Aprili wakati wa kuwasilisha ritani.

Msomaji wenu,
Marekani