Usitume pasipoti kwanza

Langoni, Lamu

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana baada ya isha, na nikaurudia. Wasema wakala wa Mombasa amekupatia kazi ya hoteli Doha, Qatar, kwa riyali 900 kwa mwezi, na anataka pasipoti yako na ada ya usajili kabla ya Ijumaa. Nakuomba usitume kitu kwanza. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mambo haya hayaelezeki kwenye simu.

Unajua tangu hoteli ya Shela ipunguze wafanyakazi, mimi nimo mikononi mwa mawakala hawa. Wa mwisho alikuwa wa Nairobi. Alinipigia Jumatano magharibi ikiingia, akasema kuna nafasi ya mapokezi katika hoteli ya Mombasa, nifike kesho yake saa mbili asubuhi na vyeti vyangu vyote. Nikamwambia niko Lamu. Akajibu, "Si Pwani hiyo hiyo?" Nikamweleza kwamba hapa ni kisiwani, nivuke kwa boti hadi Mokowe, bara, ndipo nipande basi, halafu Witu, Garsen, kwenu Malindi, Kilifi, siku nzima njiani na vizuizi vya polisi. Nikamwomba tuzungumze kwa video, au anipe hadi Ijumaa. Akasema atamuuliza mwajiri kisha anipigie. Hakupiga. Nilimwandikia WhatsApp, tiki zikageuka bluu, na habari ikaishia hapo.

Kukosa kazi nakuweza, somo. Mgawaji riziki ni Mola. Lakini kumwambia mtu "hukupata" kunamgharimu nini? Mimi nilikuwa nimeshakopa nauli kwa shangazi, nimeshapiga pasi nguo, na nyumbani wote wameshaambiwa. Hakuna anayehesabu hayo.

Kabla yake kulikuwa na yule aliyetaka cheti cha tabia njema, cha KRA wa kodi, cha HELB wa mikopo ya masomo na cha CRB wa rekodi za madeni, na jina la hoteli hataki kulitaja. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: vyeti vya namna hiyo mwajiri huviomba akishakusudia kukupa mkataba, si kabla. Nilipomtajia hilo akakata simu. Na kuna mwingine ambaye hakuniuliza hata swali moja la kazi. Mimi nimepokea wageni Desemba nyumba imejaa hadi darini, nimewatuliza waliochelewa ndege Manda, nimefunga hesabu peke yangu usiku. Yeye alitaka kujua urefu wangu, umri wangu, na nimtumie picha ya mwili mzima, tena bila mtandio. Niliitazama ile meseji nikatetemeka kwa hasira. Nikamjibu kwamba mapokezini nakaa na mtandio wangu na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Hakurudi tena, na sikumtafuta.

Sasa turudi kwako, maana lako ni zito kuliko langu. Mimi nikidanganywa narudi nyumbani kwa boti. Wewe utakuwa Doha.

Kwanza hizo riyali 900. Qatar ina kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021, nacho ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa malazi na chakula huongeza 500 za nyumba na 300 za chakula. Kwa hiyo huyo bwana anakuahidi mshahara ambao haufiki hata kile kima cha sheria ya kule. Ama hajui kazi yake, ama anajua na anakutegemea wewe usijue. Mimi naamini la pili.

Halafu mkataba. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali, naye ahakikishe kwamba umeridhia mwenyewe, hukulaghaiwa wala kulazimishwa, na kwamba afya yako inaruhusu. Anayempeleka mtu nje bila mkataba wa namna hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miezi sita. Muulize wakala wako tu, kwa adabu: "Tunaenda lini kwa afisa wa kazi?" Sikiliza atakavyojibu. Na jina la kampuni yake ulitafute kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa, iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Liwe jina lenyewe herufi kwa herufi, usikubali "sisi tuko chini ya kampuni fulani".

Pasipoti mpe nakala. Ile yenyewe ikae kwa mama yako.

Najua ada ya shule ya mdogo wako inakukaba, na najua hoteli za Malindi zikifunga baada ya msimu watu hukaa bure miezi. Sikwambii usiende Doha. Wako waliokwenda kwa njia iliyo sawa wakajenga. Nakwambia usiende kwa mkono wa mtu huyu mpaka aonyeshe karatasi.

Nipigie mkataba picha, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo, unitumie leo usiku. Tutausoma pamoja mstari kwa mstari, na Ijumaa yake aisubiri.

Msalimie mama sana.

Ni mimi somo yako.