Lifti ya lori si ya aliyekosa nauli tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niitetee desturi ya kuomba lifti, ambayo wengi huizungumzia kana kwamba ni aibu ya mtu aliyekosa nauli. Mimi nauli ya basi ninayo, lakini nikiwa sina haraka husimama Chalinze, nikapunga mkono na kupanda lori linaloelekea Tunduma.

Ndani ya basi mtu huvuka Mikumi pazia zikiwa zimefungwa na video ikipiga kelele. Katika lori unakaa juu, mbele ya kioo kipana, na ukibahatika unawaona twiga na tembo kando ya lami. Safari yangu ya mwisho dereva alisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu vya nyumbani kwake, akamnunulia utingo wake hindi la kuchoma, nami nikakatiwa nusu bila kuulizwa. Kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga kwa gia nzito, mwendo wa kinyonga, na hapo ndipo mazungumzo yalipokolea: foleni ya mpakani, bei ya matairi, mtoto mdogo aliyemkimbia baba yake kwa kutomtambua.

Sisemi kwamba hakuna hatari, na binti yangu nisingemruhusu kusafiri hivyo usiku. Tena matajiri wengi wa malori huwakataza madereva kubeba abiria, jambo ninalolielewa. Ila dereva akikubali, uliza kabla hujapanda kama ni bure au ni ya kuchangia mafuta, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Msomaji wako,
Iringa